Mwenye Nguvu na Mwaminifu: Somo la Kijana Anayejitayarisha kwa Kazi ya Kwanza ya Kompyuta

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, alinijia barazani mzee mmoja wa hapa kwetu Makurunge, mkulima, mtu mwema asiyekosa sala ya jamaa. Akaamkia, akaketi, kisha akasema: “Maalim, mwanangu amerudi kutoka Dar es Salaam, amemaliza masomo yake ya kompyuta. Sasa pana kazi imetangazwa, na wenyewe wataka barua ya mtu amjuaye. Wewe ndiwe uliyemfundisha Kurani tangu alifu. Nakuomba uniandikie, useme kuwa yuafaa.”

Nikamjibu: “Ndugu yangu, barua nitaandika inshallah, lakini si leo.” Mzee akainama, nikajua ya kwamba maneno yangu yamemwuma. Basi nikamweleza sababu yangu, na leo naieleza kwenu nyote, kwa kuwa somo hili limetoka katika kosa langu mimi mwenyewe.

KOSA LA MWANDISHI

Miaka kadha iliyopita tulikuwa na daftari kubwa katika chuo chetu. Humo tuliandika michango ya watu na fungu la kila yatima. Daftari likachakaa, tukaona ni kheri khabari zake zitiwe katika kompyuta. Wenzangu wakauliza, “Nani ataifanya kazi hii?” Nikamtaja kijana mmoja katika wanafunzi wangu, nikasema, “Huyu namshuhudia, yuaweza.” Nilimshuhudia kwa nini? Kwa sababu tajwidi yake ilikuwa safi na adabu yake ilikuwa njema. Juu ya kompyuta sikumwuliza hata neno moja.

Kijana akafanya kazi kwa bidii, wala hakuiba hata senti. Lakini kila kitu alikitia katika mashine moja, wala hakuweka nakala mahali pengine. Na sisi, kwa kuona ya kwamba daftari halina kazi tena, tukalitupa stoo likaliwa na mchwa. Ukaja usiku mmoja wa masika, umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa nguvu, mashine ikafa, na vyote vilivyokuwamo vikapotea. Tukawa twapita nyumba kwa nyumba tukiwauliza watu, “Wewe ulitoa kiasi gani? Mwanao alipewa nini?” Watu wakashukiana, na mjane mmoja akatuambia machoni petu ya kwamba amedhulumiwa, nasi hatukuwa na karatasi ya kumjibu. Yule kijana akaona haya, akaacha kuja msikitini kwetu.

Ndugu zangu, hatia yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Yeye alikosa ujuzi. Mimi nilitoa ushahidi juu ya jambo nisilolijua.

ASILI YA SOMO

Tufahamu ya kwamba Kurani imetupa mizani ya kumpima mfanyakazi. Katika Sura ya Al-Qasas twasoma khabari za Nabii Musa alipofika Madyan, akawanywesheza wanyama mabinti wawili. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Na katika Sura ya Yusuf, Nabii Yusuf alipotaka kuwekwa juu ya hazina za Misri, alijisifu kwa mambo mawili vile vile: kuhifadhi na kujua.

Basi sifa ni mbili, wala moja haitoshi badala ya mwenziwe. Mwenye nguvu asiye mwaminifu atakuibia kwa ujuzi wake. Na mwaminifu asiye na nguvu atakupoteza kwa ujinga wake. Kijana wangu alikuwa mwaminifu, lakini nguvu hakuwa nayo. Na nguvu ya kazi si ya misuli tu. Nguvu ya kila kazi ni kuiweza kazi ile. Kijana anayetaka kuajiriwa katika kompyuta ajitayarishe kwa mambo haya mawili, na haya ndiyo tutakayoyaeleza.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Hwenda mtu akasema, “Kompyuta ni elimu ya wengine, sisi twatosheka na yetu.” Maneno haya si kweli. Neno algoriti, nalo ni jina la hatua zilizopangwa za kufikia jawabu, ambazo ndizo roho ya kila programu, latokana na jina la Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hisabu aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9.

Na Waswahili wa pwani wamekwisha onja khasara ya kuchelewa. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya serikali ya Wajerumani hata mwaka 1891, na serikali ile ilitaka makarani. Wazee waliowapeleka watoto wao kujifunza herufi mpya walipata kazi za kalamu. Waliowazuia kwa khofu waliwaona wengine wakikaa juu ya viti vile. Kwa ajili hiyo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika magazeti yake ya Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu washike elimu ya dini na elimu ya maisha pamoja. Nasi Tanganyika yetu, baada ya kuwa Tanzania, ilichelewa vile vile: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na baadaye marufuku ile ikaondolewa. Mwezi wa Julai mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam ukaanza kazi, na tangu hapo mlango umekuwa wazi zaidi kuliko zamani.

Leo kazi hizi zipo karibu nasi. Hospitali yaandika wagonjwa katika kompyuta. Halmashauri yapokea malipo kwa namba za kumbukumbu zitokazo katika mfumo wa serikali. Mahoteli ya ufukweni, viwanda, mabenki na mawakala wa fedha za simu wote wana mashine zinazotaka mtunzaji. Pana fundi anayewasaidia watumiaji wa kila siku, na fundi wa mtandao anayevuta nyaya na kupanga ruta. Pana mtunzaji wa hifadhidata, mwandishi wa programu, na mlinzi anayezuia wezi wa mtandaoni. Kijana asiseme, “Mimi nataka kazi ya kompyuta,” akanyamaza. Hilo ni kama mtu kusema, “Mimi nataka kazi ya bahari.” Ataulizwa: wavua, waunda vyombo, au wewe ni nahodha? Achague mlango mmoja wa kuingilia. Wengi huanzia katika kuwasaidia watumiaji, kwa kuwa hapo mtu huona maradhi ya kila namna.

JAMBO LA KWANZA: NGUVU

Nguvu hujulikana kwa mkono, si kwa maneno wala kwa karatasi peke yake. Yapasa kijana aweze mambo manne kabla hajabisha hodi katika mlango wa mtu.

La kwanza, aijue mashine yenyewe. Apewe kompyuta isiyo na kitu ndani, aweke mfumo endeshi, ama Windows ama Linux, aifanye isome printa na mtandao, na aweze kueleza tofauti ya kumbukumbu ya muda na diski inayohifadhi.

La pili, aujue mtandao. Afahamu ya kwamba kila mashine hupewa anwani ya namba, na ya kwamba majina ya tovuti tuyaandikayo hugeuzwa na seva ya majina yakawa namba hizo. Mtu akimwambia, “Intaneti haifanyi kazi,” asianze kufuta na kuvunja. Atazame kwanza waya na taa za ruta. Kisha aone kama mashine imepata anwani. Kisha ajaribu amri ya ping kuifikia ruta. Kisha aifikie anwani ya nje. Mwisho ajaribu jina la tovuti. Ikiwa namba yajibu na jina halijibu, ugonjwa u katika majina. Hivi ndivyo atafutavyo tabibu, huanza kwa lililo karibu akaenda kwa lililo mbali. Na kabla ya yote amwulize mwenye mashine maswali mawili: “Mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Na tangu hapo ni kitu gani kilichobadilika?” Kisha abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, aandike alilolifanya, maana abadiliye mambo matano pamoja hatajua lililoponya wala lililoharibu.

La tatu, ajue kupanga khabari. Tuchukue mfano wa daftari la mayatima. Majina yetu ya pwani yafanana, na katika chuo kimoja waweza kuwapata kina Ali bin Salim watatu. Mtu akiyaandika majina matupu, fungu la huyu litakwenda kwa yule. Kwa hiyo mwenye ujuzi humpa kila yatima namba yake pekee isiyorudiwa, na kila malipo huyafunga kwa namba ile. Huu ndio msingi wa hifadhidata, na lugha itumikayo sana kuiuliza ni SQL. Kijana ajifunze lugha hiyo hata aweze kujibu swali kama hili: “Ni yatima gani ambaye hakupata kitu mwezi uliopita?”

La nne, nalo ndilo lililotuangusha, ajue kuhifadhi nakala. Mafundi wana kanuni ya tatu, mbili na moja: khabari ziwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja katika nakala hizo ikae mahali pengine mbali na hapo. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, ile ya mbali husalimika. Tena nakala ijaribiwe kurudishwa. Wengi huweka nakala miaka mitatu, wakazihitaji siku moja, wakaziona hazifunguki. Nakala isiyopata kujaribiwa ni dhana tu, na sisi twajua ya kwamba yakini haisimami juu ya dhana.

Anayetaka kuandika programu ana la tano: ajue kutumia Git, chombo alichokiunda Linus Torvalds mwaka 2005. Hiki hushika kila badiliko la kazi pamoja na jina la aliyelifanya, na siku yake, na sababu aliyoiandika. Wanafunzi wa hadithi hawatakiona kigeni, maana ni kama isnadi: neno hili limetoka kwa nani, na nani alilipokea kwake.

Na leo pana programu za akili mnemba ziandikazo msimbo kwa kuulizwa. Kuzitumia hakuna ubaya. Lakini kijana asitoe kama kazi yake msitari asioweza kuueleza. Atoaye jawabu asilolifahamu ni kama mtu atoaye fatwa aliyoisikia njiani. Ikikosea, hatajua mahali pa kuirekebisha.

JAMBO LA PILI: AMANA

Fundi wa kompyuta hupewa funguo ambazo hata mwenye nyumba hana. Huona mishahara ya watu, barua zao, picha zao, na maradhi yao hospitalini. Karani wa zamani alishika kabati moja. Huyu ashika kabati zote, wala hakuna amwonaye akifungua. Kwa sababu hii nasema ya kwamba amana katika kazi hii ina uzito kuliko katika kazi nyingi.

Basi ajizoeze mambo haya tangu sasa, kabla ya kuajiriwa. Asifungue faili isiyomhusu, hata ikiwa imeachwa wazi. Asimwulize mtu neno lake la siri, wala asilitamke la kwake kwa ndugu au rafiki. Kila mlango auwekee neno lake, refu, lisilo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na panapowezekana aongeze uthibitisho wa pili kwa simu. Ajiombee ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Na siku ya kuondoka kazini arudishe funguo zote, wala asibakie na njia ya kuingilia.

Tena ajue sheria za nchi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamkataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta pasi na idhini, hata akisema, “Nilikuwa najaribu tu.” Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawafunga wote wakusanyao khabari za watu. Mwislamu hangoji sheria ndipo aache kupeleleza. Lakini asiyeijua sheria hwenda akaivunja kwa ujinga, akawatia waajiri wake mashakani.

Vitabu vyetu vya Kishafi vyaeleza ya kwamba mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana: hakitozwi kilichoharibika mikononi mwake ila akivuka mpaka au akizembea. Basi jiulize, ewe kijana: mtu aliyejifunza kanuni ya nakala, kisha akaacha kuweka nakala kwa uvivu, je, huyu hakuzembea? Elimu yazidisha uwezo wa mtu, na kwa kadiri hiyo hiyo yazidisha hesabu yake.

BARUA YA KUOMBA KAZI

Barua ya kuomba kazi, pamoja na maelezo ya mtu na masomo yake, ni ushahidi anaoutoa juu ya nafsi yake. Nimeonyeshwa karatasi za vijana walioandika ya kwamba wanajua programu kumi na lugha sita za kompyuta, na hali walizisikia tu darasani. Huu ni ushahidi wa uwongo, na mwenye kuutoa atafedheheka pale atakapoketishwa mbele ya mashine. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi, wana wake na watoto, na katika siku moja jengo lote likaanguka kwa kuwa msingi wake ulikuwa uwongo.

Basi andika machache yaliyo kweli, na kila ulilolisema lifuatishe na ulilolifanya. Usiseme, “Najua hifadhidata.” Sema, “Nimepanga daftari la wanafunzi wa chuo cha mtaa wetu, na naweza kulionyesha.” Asiyepata kuajiriwa hakosi kazi ya kufanya: msikiti una hesabu za waqfu, duka la mjomba lina mali ya kuhesabiwa, shule ina mashine mbovu tatu stoo. Fanya hizo, uandike kila hatua, na hiyo ndiyo shahada ya mkono wako. Kazi za serikali huombwa kwa njia ya mtandao wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Soma masharti yake neno kwa neno, maana asiyeweza kufuata maagizo ya tangazo, nani atamwamini kwa maagizo ya mashine?

SIKU YA USAILI

Usaili huwa wa maandishi, au wa vitendo, au wa mahojiano, na pengine yote matatu. Wahi kabla ya saa, vaa nguo safi, salimu kwa adabu. Ukiulizwa ulijualo, jibu kwa ufupi. Ukiulizwa usilolijua, sema, “Sijui,” kisha ueleze namna utakavyolitafuta. Neno hili halimshushi mtu. Imam Malik, mwalimu wa Imam Shafi, yasimuliwa ya kwamba aliulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka mbali, na katika mengi yake akajibu kuwa hajui. Wala hakuna aliyesema ya kwamba Malik si mwanachuoni. Anayejua mpaka wa elimu yake hatafuta diski ya watu kwa kubahatisha.

Na ujizoeze kueleza mambo kwa Kiswahili safi. Vitabu vya kazi hii vingi ni vya Kiingereza, huna budi kukijua. Lakini utakaowatumikia ni mama wa mapokezi na mzee wa ghala. Mwaka 2004 kulitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili katika kazi iliyofanyika pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa dalili ya kwamba lugha yetu yaweza kuyabeba maneno haya. Ukimwona mtu hakufahamu, usimcheke. Rudia kwa mfano mwingine, kama sisi walimu tunavyorudia alifu na bee.

MKATABA

Ijara katika fikihi haisihi ila manfaa yajulikane, na muda au kazi ijulikane, na ujira ujulikane. Kwa hiyo usiingie kazini kwa neno la “tutaelewana mbele.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, nayo imeweka mpaka wa saa 45 za kazi ya kawaida kwa juma. Uliza mapema: ni nani atakayeamshwa usiku mashine zikizima, na malipo yake ni yapi? Na uieleze sala ya Ijumaa siku ya kwanza, kwa upole, pamoja na namna utakavyoufidia wakati ule. Hilo ni bora kuliko kutoroka kila juma.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Mimi ni maskini, sina kompyuta. Nifanye nini?

Jibu: Yasimuliwa ya kwamba Imam Shafi utotoni hakuwa na thamani ya karatasi, akawa aenda kwenye ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha andikwa upande mmoja, akaandika elimu yake mgongoni. Nawe tafuta mashine iliyotupwa kwa uzee, utie Linux, ambayo hupatikana bure. Vijana wanne washirikiane moja kwa zamu. Na masomo yapo ya bure mtandaoni, kama CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, na freeCodeCamp.

Suala: Mtu ameniambia nitume fedha kwa simu ndipo nipewe kazi.

Jibu: Usitume. Akiwa si mwizi, basi ni mla rushwa. Na rushwa ni haramu kwa mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Kazi ya haki humlipa mtu, haimtozi.

Suala: Nimepata kazi ya kutunza mitambo ya kampuni ya kubashiri matokeo ya mipira.

Jibu: Kamari ni kamari, ikichezwa kwa karata au kwa simu, na kuisaidia hakufai. Subiri, mlango mwingine utafunguka.

Suala: Je, cheti hakina maana?

Jibu: Kina maana. Cheti cha chuo, au cha VETA, au vile vya mafundi kama A+ ya CompTIA na CCNA ya Cisco, hufungua mlango wa nje. Lakini chumbani utaingia kwa mkono wako.

KHATIMA

Nilimwambia yule mzee: “Mlete mwanao kwangu kesho.” Alipokuja, nilimpa daftari jipya la chuo, nikamtaka alipange katika kompyuta, kisha aniruhusu mimi niifute kazi yake mbele ya macho yake, naye airudishe. Akanyamaza kidogo, akasema, “Maalim, kupanga najua. Kurudisha sijapata kujaribu. Nipe siku tatu.” Neno hilo lilinipendeza kuliko kama angalisema kuwa anajua yote.

Nikaenda mwenyewe kwa yule kijana wa kwanza, ambaye sasa ni fundi, na khasara ile ilimfundisha zaidi ya darasa lolote. Nikamtaka radhi kwa kumtwika mzigo nisioupima, naye akanisamehe, akakubali kukaa na huyu mdogo wake. Siku ya nne nikafuta kila kitu kwa mkono wangu, na moyo ukinidunda. Na kabla ya adhana ya adhuhuri majina yote ya mayatima yalikuwa yamerudi, halikupungua hata moja.

Barua nimeiandika. Nimetaja nililoliona, nikaacha nisilolijua. Akipata kazi ile, ni riziki yake. Asipoipata, nguvu na amana havitamwacha, na riziki i kwa Mwenyezi Mungu. Nanyi, wazee wangu na walimu wenzangu, tusimpe kijana ushahidi kwa sababu ni wetu. Tumpime kwanza, tumfundishe palipopungua, kisha tumshuhudie kwa haki.

Wabillahi tawfiq.